Kusanifu na Kukarabati Jengo la Maktaba ya Umma: Anzia Juu ya Dari

Nikiitwa kutazama maktaba kongwe, huomba ngazi kabla sijaomba ramani. Napanda juu ya dari na tochi, na mara nyingi kitu cha kwanza ninachokutana nacho ni ndoo. Mtu aliiweka pale miaka mingi iliyopita chini ya tundu, akashuka akaendelea na kazi zake. Maji yamekauka ndani yake yakaacha mistari ya kutu, mmoja juu ya mwingine, kila mstari msimu wake wa mvua. Huku chini kamati inajadili rangi ya kuta.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia juu. Uwe unajenga maktaba mpya au unafufua ya zamani, utaratibu ni mmoja: kwanza maji, kisha uzito, kisha mlango na mwanga, na mapambo mwisho kabisa. Ukiugeuza, fedha zitaishia kwenye sura ya jengo na vitabu vitaoza ndani yake.

1. Shinda humo kabla ya kuchora

Ingia maktaba inapofunguliwa, utoke inapofungwa. Fanya hivyo zaidi ya siku moja. Chukua karatasi uchore chumba, kisha kila saa weka alama mahali watu walipoketi. Utaona wanavyovuta viti kufuata mwanga, kona inayokimbiwa saa nane mchana, na meza ambayo haina mtu kamwe kwa sababu mlango wa choo uko mgongoni mwake. Uliza mfanya usafi. Yeye ndiye anayejua panapovuja, taa ipi huzimika, na soketi ipi hutoa cheche.

Kisha watafute wasiofika: mzazi mwenye mtoto mchanga, mzee mwenye fimbo, kijana asiyeona. Sababu zao za kutofika ndizo nusu ya kazi ya msanifu.

Kama jengo ni jipya, fanya jambo hilohilo katika maktaba inayotumika sasa, halafu nenda kwenye kiwanja mvua ikiwa inanyesha. Kiwanja kikavu hakikuambii kitu.

2. Soma njia ya maji

Anzia kwenye paa, ushuke na maji hadi yanapoingia ardhini. Tazama vigae au mabati, misumari iliyolegea, mahali paa linapokutana na ukuta, na mabonde ambapo miteremko miwili ya paa inaungana. Hapo kwenye maungio ndipo maji hupenya, si katikati ya paa. Tazama mifereji: imejaa majani? Inamwaga maji mbali na msingi au inayamwaga palepale ukutani? Mfereji mmoja ulioziba unaweza kulowesha ukuta wa ghorofa mbili, na watu wakaja kudhani tatizo ni rangi inayobambuka.

Juu ya dari, choma kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, kwa ncha ya bisibisi, hasa miisho yake inayokaa ukutani. Mbao nzima hukataa; iliyoliwa na mchwa au kuoza huipokea ncha kama mkate. Ukiona mabati ya simenti yenye rangi ya kijivu, ya kizazi kilichopita, usiyatoboe wala kuyavunja mpaka yapimwe, kwa maana huenda yana asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usizikwangue zikiwa kavu bila kinga.

Sasa kuta. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha alama ya mlalo karibu na sakafu, pamoja na chumvi nyeupe inayochanua kama unga. Unyevu wa paa huacha doa la kushuka. Tofautisha hayo mawili kabla hujamwita fundi, kwa sababu tiba zake hazifanani.

Hapa nitasisitiza jambo linaloharibu majengo mengi. Kuta kongwe za mawe au matofali zilizojengwa kwa chokaa hupumua: zinanyonya unyevu kidogo na kuutoa hewani. Fundi mwashi akija na saruji, akaziba viungo na kupiga lipu ngumu juu yake, maji yanafungiwa ndani. Yanatafuta njia kupitia tofali lenyewe, na baada ya misimu kadhaa uso wa tofali unaanza kumeguka huku saruji imesimama imara kama fremu tupu. Ukuta wa chokaa utibiwe kwa chokaa. Kazi inachelewa, chokaa inahitaji kulowanishwa na kukingwa jua ili ikauke polepole, na ni lazima upate fundi anayeijua. Subiri umpate.

Kwa nyufa, usikimbilie kuziba. Chora mistari miwili ya penseli kuvuka ufa, pima umbali, andika tarehe ukutani palepale. Rudi kila mwezi. Ufa uliolala ni kovu tu. Ufa unaotembea ni kazi ya mhandisi, na ukiuziba kwa lipu unaficha taarifa pekee aliyokuwa nayo.

Gonga lipu ya dari na kuta kwa vifundo vya vidole. Ikitoa sauti ya debe tupu, imeachana na kilichoishika. Usiku mmoja wa Mei 2014, pambo la lipu lenye umbo la ua lilidondoka kutoka kwenye dari ya chumba kikuu cha kusomea cha maktaba ya umma ya New York, urefu wa karibu mita 16. Jengo lile lilifunguliwa 1911. Hakukuwa na mtu chini. Chumba kilifungwa, maua yote 900 ya dari yakakaguliwa na kufungwa kwa nyaya za chuma, na wasomaji wakarudi Oktoba 2016. Ukiwa na dari ya mapambo, iguswe kwa mkono kutoka kwenye jukwaa, isitazamwe kwa darubini tu.

3. Pima uzito

Vitabu ni vizito kuliko watu wanavyodhani. Mita moja ya rafu iliyojaa hubeba kilo 30 hivi, na vitabu vikubwa vya marejeo huzidi hapo. Rafu yenye pande mbili na madaraja sita kila upande inakaribia kilo 360 kwa kila mita ya urefu wake, kabla hujahesabu chuma chenyewe.

Kwa viwango vya Marekani, sakafu ya ofisi husanifiwa kubeba takriban kilo 245 kwa mita ya mraba, chumba cha kusomea kilo 290 hivi, na chumba cha rafu za vitabu karibu kilo 730. Linganisha namba ya kwanza na ya mwisho. Mtu akikuletea wazo la kugeuza jengo la ofisi au nyumba ya zamani kuwa maktaba, swali lako la kwanza ni hilo. Rafu zinazotembea juu ya reli, zile zinazobanana ili kuokoa nafasi, huzidisha mzigo zaidi kwa kuwa zinafuta njia za katikati. Mahali pake ni sakafu iliyolala juu ya ardhi, isipokuwa mhandisi aseme vinginevyo kwa maandishi.

Katika jengo la zamani kuna hatari nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasanifu walitumia rafu za chuma kama sehemu ya muundo. Pale New York, ghorofa saba za rafu ndizo zinazobeba sakafu ya kile chumba kikuu nilichokitaja. Mtu akiingia na msumeno wa chuma akidhani anaondoa fanicha, anaondoa nguzo. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba rafu yoyote iliyofungwa sakafuni na kwenye dari haiguswi mpaka mhandisi wa miundo aseme inabeba nini.

Ukishindwa kuongeza nguvu ya sakafu, badili mpangilio: rafu nzito zipelekwe chini, meza na viti juu. Au panga rafu fupi kando ya kuta, juu ya boriti, na katikati paachwe wazi kwa wasomaji.

4. Amua kipi kibaki

Andika orodha mbili. Moja ni ya vitu ambavyo jengo likivikosa halitakuwa lenyewe: ngazi ya mbao, dirisha la duara, kaunta ya kuazimia ambayo kingo zake zimelainishwa na mikono ya watu. Nyingine ni ya vitu vilivyoongezwa baadaye bila mpango, kama vile dari ya bandia na vyumba vya mbao nyembamba. Usidhani kila cha zamani ni bora. Ngazi ya dharura iliyoongezwa miaka 40 iliyopita inaweza kuwa na maana kuliko pambo la mwanzo.

Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi duniani bado wanaurejelea, una mambo mawili ambayo fundi yeyote anaweza kuyashika. La kwanza: urejeshaji unakoma pale makisio yanapoanza. Kama hakuna picha wala mchoro wala kipande kilichobaki kinachoonyesha pambo lilivyokuwa, usilibuni. La pili: kipande kipya kipatane na vya zamani, lakini mtu akikikaribia aweze kukitambua. Mimi huongeza la kwangu: kila unachoongeza kiweze kuondolewa bila kuumiza kilichokuwepo. Funga rafu kwenye viungo vya ukuta, usitoboe jiwe.

Mfano unaonifundisha kila ninapoutazama ni maktaba ya Viipuri aliyoisanifu Alvar Aalto, iliyofunguliwa 1935 mjini humo, wakati huo Finland. Baada ya vita mji ukawa wa Urusi ya Kisovieti, ukaitwa Vyborg, na jengo likaachwa bila matumizi kwa takriban miaka kumi. Urejeshaji ulianza miaka ya 1990 ukakamilika 2013. Ulifanywa kwa awamu, kipande kwa kipande, huku maktaba ikiendelea kuwa ya wasomaji wa mji ule, Warusi na Wafini wakifanya kazi pamoja juu ya michoro ileile. Ukiwa na bajeti ndogo, hiyo ndiyo njia: paa mwaka huu, madirisha mwaka ujao, na kila awamu ikamilike kiasi kwamba fedha zikikatika jengo halibaki kidonda wazi.

5. Fungua mlango

Mlango husema nani anakaribishwa. Juu ya mlango wa maktaba ya umma ya Boston, jengo la 1895, yamechongwa maneno yanayomaanisha kwamba ni bure kwa watu wote. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, ya 1931, ina nguzo kubwa, ngazi na sanamu za simba, na enzi za ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kuingia. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka ili kuifufua, lilianza ukarabati na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yaliyo katikati ya makazi ya watu. Nausifu uamuzi huo. Jengo dogo linakufundisha makosa kabla hujayarudia kwenye kubwa, na wasomaji wanaona faida mapema.

Ngazi za fahari ndizo kikwazo kikuu cha maktaba kongwe. Mteremko wa kiti cha magurudumu unahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Mlango ulio sentimita 90 juu ya ardhi unadai basi karibu mita 11 za mteremko, pamoja na kituo bapa cha kupumzikia katikati. Mara nyingi mita hizo hazienei mbele ya jengo, na hapo watu hukimbilia kuweka mteremko nyuma, karibu na mapipa ya taka. Usikubali. Kama mlango mkuu hauwezekani, tengeneza mlango mpya wa pembeni uwe ndio mlango wa wote, wenye kaunta, taa na kibao, ili asiwepo anayeingilia uani peke yake.

Ndani, upana wazi wa mlango usipungue sentimita 82, njia kati ya rafu zisipungue sentimita 92, na pawepo mahali pa kugeuzia kiti penye kipenyo cha mita 1.5. Usipange hivi kwenye karatasi tu. Kaa kwenye kiti cha magurudumu wewe mwenyewe, zunguka kuanzia barabarani hadi chooni, na ujaribu kufikia kitabu cha daraja la juu.

6. Leta mwanga bila jua

Msomaji anataka mwanga. Ukurasa hautaki jua. Miale ya moja kwa moja hufifisha majalada, hugeuza karatasi kuwa ya manjano na kumfanya msomaji akunje uso. Jua la asubuhi na jioni huja chini, likipenya madirisha ya mashariki na magharibi hadi katikati ya chumba, na ukingo wa paa hauwezi kulizuia. Kwa hiyo, katika jengo jipya, elekeza madirisha makubwa kaskazini na kusini, na pande nyingine ziwe za ngazi, vyoo na stoo. Katika jengo la zamani usiloweza kulizungusha, weka louva za wima, yaani vibao vya kukinga jua, nje ya dirisha. Pazia la ndani linazuia mwanga lakini joto limeshaingia.

Aalto alilitatua hili kule Viipuri kwa matundu 57 ya duara darini, kila moja na kipenyo cha karibu mita 1.8, yakiwa na kina cha kutosha kiasi kwamba jua halifiki chini hata siku lilipo juu kabisa. Mwanga unagonga kuta za tundu, unalainika, kisha unashuka kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Ukiandika mezani, kivuli cha mkono wako hakianguki ukurasani.

Huhitaji matundu 57. Fanya jaribio: weka karatasi nyeupe mezani, simamisha penseli juu yake saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi. Kivuli kikali chenye ukingo mkali maana yake ni jua au taa moja kali. Kivuli hafifu kinachosambaa maana yake mwanga ni mzuri. Kwa usiku, viwango vya Ulaya hutaka luksi (kipimo cha mwanga) 500 mezani na 200 kwenye uso wa rafu. Taa za rafu zipangwe kwa kufuata njia, si kwa kufuata gridi ya dari, la sivyo madaraja ya chini yatakuwa gizani na wakutubi watashika tochi.

7. Hewa na sauti

Hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 65 kwa muda mrefu huotesha ukungu. Kipimo kizuri zaidi ni utulivu: kiyoyozi kinachowaka mchana na kuzimwa usiku hupandisha na kushusha unyevu kila siku, na majalada hupinda. Bora madirisha yanayopitisha hewa pande mbili na feni za juu kuliko mashine usiyoweza kuilipia umeme. Acha sentimita kadhaa kati ya rafu na ukuta wa nje, na daraja la chini liwe sentimita 10 hadi 15 juu ya sakafu, kwa ajili ya siku bomba litakapopasuka.

Kuhusu sauti, watoto wakae karibu na mlango na kimya kiwe mbali. Weka kaunta mahali ambapo mkutubi mmoja anaweza kuona chumba kizima. James Bertram, katibu wa Andrew Carnegie, tajiri wa Marekani aliyefadhili ujenzi wa maktaba, aliwasihi wasanifu jambo hilo tangu 1911, na bado ndiyo njia ya kuendesha maktaba yenye wafanyakazi wachache.

8. Moto, hasa wakati wa ukarabati

Tarehe 2 Septemba 2004 moto uliozuka chini ya paa uliteketeza vitabu vipatavyo 50,000 katika maktaba ya Duchess Anna Amalia huko Weimar, Ujerumani. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu vitabu vihamishwe ili jengo likarabatiwe. Kwa hiyo nyaya za umeme za zamani zisingoje awamu ya mwisho. Zikaguliwe wiki ya kwanza.

Wakati wa kazi, kulehemu na miali ya moto juu ya paa kuhitaji kibali cha kila siku, na mtu abaki akilinda saa moja zaidi baada ya fundi kuzima. Ukiona tundu linalopita kutoka ghorofa hadi ghorofa, lizibe kwa kizuia moto. Maktaba kuu ya Los Angeles ilijifunza hilo tarehe 29 Aprili 1986: maghala ya rafu yaliyopanda ngazi kwa ngazi yalivuta moto juu kama bomba la moshi, na vitabu vipatavyo 400,000 viliangamia.

Wakutubi wengi huogopa vinyunyizio vya maji darini. Nawaelewa, lakini katika mfumo wa kawaida kinafunguka kichwa kilicho juu ya joto tu, si vyote. Kitabu kilicholowa kinaweza kuokolewa kikigandishwa ndani ya saa 48, kabla ukungu haujaota. Majivu hayagandishwi. Ulizia mapema mahali palipo na friji kubwa, uandike namba yake ya simu ukutani.

9. Tenga fedha ya matunzo kabla ya kufungua

Kati ya 1883 na 1929 fedha za Carnegie zilijenga maktaba 2,509. Sharti lake la kawaida lilikuwa mji utoe kiwanja na kuahidi kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya kuiendesha. Nenda kwa wafadhili wako na sharti la namna hiyo. Mfadhili hupenda kukata utepe. Wewe mwombe pia asaini gharama ya kusafisha mfereji mwaka wa tano.

Siku ya makabidhiano, mkutubi apokee daftari moja gumu lisilotoka jengoni. Ndani yake iwepo michoro ya jinsi jengo lilivyojengwa kweli, si lilivyopangwa. Mahali pa kufungia maji na kuzimia umeme, pamoja na picha. Mchanganyiko wa chokaa uliotumika kila ukuta. Namba za rangi. Orodha ya nyufa na vipimo vyake. Mifereji isafishwe kabla ya mvua na baada yake, na aliyesafisha aweke sahihi. Halafu mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mtu apande juu ya dari na tochi wakati inanyesha, akae kimya dakika kumi asikilize, kisha ashuke aandike alichosikia na mahali alipokisikia.